Jinsi Don Crisanto Alivyoitwaa Re ya Juu

Njooni, enyi mlioshiba na enyi mnaongoja supu ichemke, wekeni chini sindano na karata zenu, wanyamazisheni mbwa na mashangazi, mkaribie mketi, maana nataka kusimulia tendo kuu lililotendeka katika mji wetu wa Peñalosilla, katika wiki ya Kanivali ya mwaka 1752, tendo ambalo wenye mamlaka hawakulipigia kengele kwa sababu wakati huo kengele zilikuwa zimezuiwa na tumbo la shujaa mwenyewe. Wengine na waimbe habari za wafalme waliovuka milima wakateka ngome. Mimi naimba habari za mtu mmoja mnene aliyepanda mnara kutafuta unyoya.

Nawe Mtakatifu Sesilia, mlinzi wa wapiga vinanda, uliyevumilia mengi kutoka nyumbani kwetu, nishike mkono nisije nikasema uongo zaidi ya unaohitajika.

Shujaa huyo alikuwa Don Crisanto Berrueco, mwana wa Ginés mtengeneza mapipa, Simba wa Vidole Kumi, Mwenye Tumbo Lililotangulia, mwalimu wa muziki wa binti za watu wasiopenda muziki, na mume wangu kwa miaka thelathini na mmoja. Alitutoka Novemba iliyopita, usingizini, bila kutoa hotuba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, nasi tulikuwa tumekaa kwa Don Fulgencio Tordera, mpiga kinanda wa kanisa kuu, Nguzo ya Zaburi, mtu mrefu mwembamba aliyevaa wigi jeupe kubwa kiasi kwamba ukimwona kwa mbali ungedhani kondoo amepanda mti. Tulikuwa tukinywa chokoleti. Mume wangu, ambaye hakuweza kunywa chokoleti na kunyamaza kwa wakati mmoja, akataja ile sonata.

Sonata hiyo ilifika mjini kwetu kutoka jumba la mfalme, imenakiliwa kwa mkono, bila jina la mtungaji. Kwa urefu si kitu. Ukiweka yai jikoni wakati inaanza, itaisha kabla yai halijawa gumu. Ina nusu mbili, na kila nusu hupigwa mara mbili, kama mama anayekutuma sokoni kisha akakurudishia maneno yale yale ukiwa mlangoni. Nusu ya kwanza hutoka nyumbani vizuri, imechana nywele, ikaenda mpaka kwa jirani. Nusu ya pili huanzia kwa jirani, hupotea vichochoroni, hugombana na kila inayekutana naye, halafu hurudi nyumbani ikijifanya haikwenda popote. Njiani mkono wa kushoto huruka juu ya wa kulia kuchuma noti moja, kisha hurudi mbio kama mwizi wa zabibu. Kuna mahali vidole hukandamiza pamoja noti zisizosalimiana, chwaa, kama mpiga gitaa mlevi aliyeamua kucharaza nyuzi zote na meza pia. Na juu ya ghasia hiyo yote husimama re ya juu, noti moja tu, ikigongwa na vidole vitatu vinavyopokezana, upesi kuliko mvua ya mawe, mara arobaini na nane katika kila nusu.

"Huo si muziki," alisema Don Fulgencio, akipangusa mdomo. "Huyo ni mtu anagonga mlango wa choo na aliye ndani hataki kutoka."

"Unasema hivyo kwa sababu huiwezi," alijibu mume wangu.

"Siiwezi? Siitaki! Na wewe huiwezi, Crisanto. Uko na tumbo hilo, mkono wa kushoto utapitia wapi? Utazunguka kwa nyuma?"

Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, maana swali lilikuwa la haki. Ndipo mume wangu akasimama, akashika kikombe kama watu washikavyo upanga, akanena maneno haya:

"Fulgencio! Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, nyumbani kwangu, mbele ya wote hawa, nitaipiga sonata hii yote, nusu zote mbili, kila nusu mara mbili kama ilivyoandikwa. Nikikosa re moja, moja tu, chukua kinanda changu, nitakibeba mwenyewe mpaka kwako. Na nisipokosa, nataka hilo wigi."

"Wigi langu?"

"Hilo hilo. Na kondoo aliye ndani."

Don Fulgencio akaangalia tumbo la mume wangu, akalipima kwa jicho, akatabasamu. "Nimekubali. Wote mmesikia. Re moja tu."

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa nahesabu hatua. Kinanda kile ndicho kilichotulisha. Juu yake binti wa mthibitishaji mikataba walijifunza kuhesabu moja mbili tatu, na kwa kuhesabu kwao sisi tulikula dengu. Kingeondoka, mume wangu angebaki na sauti yake tu, na sauti yake, ndugu zangu, ilikuwa ya kufukuzia sungura.

"Wewe mzee una akili kweli?" nilimwuliza tulipofika mlangoni.

"Usiogope, Leocadia. Tumbo nitalivuta."

Na kweli angelivuta, na hapangekuwa na hadithi, kama si mimi.

Lazima niwaeleze kidogo silaha zilivyo. Kinanda cha nyuzi hakipigi nyuzi, kinazidonoa. Ukibonyeza kibao kwa kidole, kijiti chembamba cha mbao huruka juu, na ubavuni mwa kijiti kuna ncha ya unyoya inayodonoa uzi kama ukucha wa mpiga gitaa. Kila noti na kijiti chake, kila kijiti na unyoya wake. Unyoya ukikauka, sauti hukwaruza, na dawa yake ni tone moja la mafuta ya zeituni, si zaidi, lipakwe kwa ncha ya sindano.

Ijumaa asubuhi mume wangu alisema re ya juu ina kikohozi. Akatoa kijiti chake, akakiweka mezani, akaniambia, "Mama, hebu kipake tone la mafuta, nawahi kwa binti za mthibitishaji." Akaenda zake.

Mafuta ya zeituni hayakuwepo. Nilikuwa nimeyamaliza yote nikikaanga maandazi ya Kanivali. Lakini kulikuwa na mtungi wa soseji, na juu ya soseji mafuta ya nguruwe, mazuri, mekundu kwa pilipili, nami nikasema moyoni mwangu, mafuta ni mafuta. Nikapaka. Nikapaka vizuri, kwa upendo. Nikakiweka kijiti dirishani kikauke, nikaenda kuanika shuka.

Niliporudi, Tomasa alikuwa dirishani akijilamba. Tomasa alikuwa paka wetu, Mwanamke wa Kivuli, Mla Bila Kukaribishwa. Kijiti kilikuwepo. Alama za meno zilikuwepo. Unyoya haukuwepo.

Nilifanya nini? Nilikirudisha kijiti mahali pake, nikafunga kifuniko taratibu, nikaenda kumenya vitunguu ili niwe na sababu ya macho mekundu.

Jumamosi asubuhi shujaa aliketi kufanya mazoezi. Nusu ya kwanza ilitoka nyumbani, imechana nywele, ikafika kwenye re ya juu, na hapo pakasikika: tk, tk, tk, tk. Mbao tupu. Kama kuku anayedonoa sahani isiyo na kitu.

"Leocadia!"

"Nipo jikoni!"

"Re imekufa!"

Akafungua kifuniko, akachomoa kijiti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akalia kilio ambacho mashujaa wa zamani waliwalilia farasi wao. "Ni unyevu!" alisema. "Au ni Fulgencio! Ametuma mtu! Amekuja na koleo wakati tumelala!"

"Fulgencio hawezi kushika koleo, ana vidole kama mishumaa," nilisema, na moyo wangu ukapiga upesi kuliko ile sonata.

Akavuta droo ya manyoya. Nondo walikuwa wametangulia. Yalibaki mabua yenye vumbi, ukiyagusa yanakuwa unga. Akajaribu unyoya wa kuku wetu, na re ikatoa sauti ya mzee asiye na meno akitafuna mkate uliolowa. Akajaribu wa bata mzinga, ukapinda, ukalala, ukakataa kuamka. Akakaa kitini, mikono magotini.

"Unyoya wa kunguru," alisema mwishoni. "Wa bawa. Hakuna mwingine utakaohimili mara mia moja tisini na mbili."

Na katika mji wa Peñalosilla, tangu mwenye nyumba ya wageni aanze kuwapiga kunguru risasi, alibaki mmoja tu wa kuheshimiwa. Aliishi katika mnara wa Santa Tecla, juu ya kengele kubwa, na watu walimwita Kanoni, kama padre wa kanisa kuu, kwa kuwa alitembea mikono nyuma, alikula vizuri, na hakuna aliyejua kazi yake.

Tukaenda. Mlangoni mwa mnara tulimkuta Macario, mtunza kengele, Bwana wa Kamba Tatu, mtu mwenye ulimi usiotembelewa na aibu.

"Mnataka kwenda juu? Wewe, Don Crisanto? Juu hii hii?"

"Fungua, Macario. Heshima yangu iko kule."

"Heshima yako inaweza kupita. Hiyo mizigo mingine sijui. Ngazi zile zilijengwa kwa ajili ya watawa waliofunga."

"Fungua mlango, bwana, au nitakuimbia!"

Macario akafungua upesi.

Ee wasikilizaji, nani atasimulia kupanda kule! Ngazi themanini na tatu, zikizunguka kama konokono, kuta mbili zikimbusu shujaa kila upande. Alipanda yeye mbele, nami nyuma nikisukuma kwa mabega yote mawili, na nyuma yangu Macario akitoa ushauri. Katika ngazi ya arobaini alikwama. Akatoa pumzi, tukasukuma. Katika ngazi ya sitini alikwama tena, na Macario akasema, "Tukimwacha hapo, angalau upepo hautaingia."

"Mke wangu," alisema sauti ya shujaa kutoka gizani, "nikifia hapa, sonata mpe mtu mwembamba."

"Vuta tumbo ufunge mdomo!"

Akavuta. Akapita. Nasi tukatoka kwenye mwanga, chini ya kengele, kwenye upepo wa Februari unaonyoa bila wembe.

Kanoni alikuwepo. Alikuwa akijenga kiota juu ya boriti, kwa vijiti, sufu ya kondoo, na kitambaa fulani ambacho Macario alikitambua kuwa soksi yake. Akatugeukia. Alituangalia kwanza kwa jicho la kulia, halafu la kushoto, kama karani anayejua kuwa hutapata sahihi leo.

Mume wangu akagusa ukingo wa kofia, akamhutubia. "Kanoni mheshimiwa! Sina ugomvi nawe. Nahitaji unyoya mmoja tu wa bawa, nawe unayo mengi. Ni kwa ajili ya re ya juu."

Kanoni akasema, "Kraa."

"Anakataa," alisema Macario.

"Nimesikia."

Shujaa akasogea hatua moja. Kunguru akasogea hatua moja. Shujaa akanyoosha kipande cha soseji, kunguru akakila, wala hakutoa risiti. Shujaa akarusha kofia ili amfunike, na upepo ukaichukua kofia, nayo ikashuka polepole mpaka uwanjani, ambako, nasikia, ilipokelewa na mbuzi. Ndipo Kanoni alipoona kilichokuwa chini ya kofia.

Mume wangu alikuwa na wigi. Halikuwa kama la Fulgencio. Lilikuwa la nywele za mbuzi, la kahawia, limechoka, lakini kwa macho ya ndege anayejenga nyumba lilikuwa godoro lililotembea lenyewe mpaka mlangoni. Akaruka. Akatua juu ya kichwa cha mume wangu kwa mabawa yaliyofungua kivuli juu yetu sote, akazamisha kucha, akavuta.

"Wigi langu!"

"Mwachie!" nilipiga kelele. "Mwachie wigi, shika bawa!"

Na hapo, enyi watu, ndipo nilipomwona mume wangu alivyo mkubwa. Maana mtu wa kawaida hushika kile anachonyang'anywa. Yeye aliachia wigi, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya wa kulia, akiuvusha kwa ule mwendo wa sonata yenyewe, upesi, safi, bila kugusa kitu njiani, na akachuma.

Kanoni akaondoka na wigi. Don Crisanto akabaki na unyoya mmoja, mweusi, mgumu, unaong'aa kama kiatu cha askofu, na kichwa kitupu kinachotoa damu mahali patatu. Alikuwa akicheka mpaka kengele zikajibu.

"Umeona, Leocadia? Mkono umepita! Tumbo halikuzuia!"

Jioni hiyo alikaa mezani akachonga. Alichonga unyoya kwa kisu kidogo, akauingiza kwenye tundu la kijiti, akaupunguza kwa unene wa nywele, akaujaribu, akaupunguza tena. Kabla ya kumaliza, nilimwona amekisogeza kijiti puani. Akakinusa. Akakinusa tena, kwa muda mrefu.

"Unanusa nini?" niliuliza, na kisu cha vitunguu kikasimama mkononi mwangu.

"Unyevu," alisema.

Halafu akachukua kalamu, akaandika kitu kwa wino ubavuni mwa kijiti, kama wafanyavyo mafundi ili vijiti visichanganyike, akakirudisha ndani. Akabonyeza. Ting. Nyumba nzima ikasikia. Tomasa akatoka chumbani.

Jumapili walikuja wote. Don Fulgencio alikaa karibu kuliko adabu inavyoruhusu, na vidole vyake vya mishumaa juu ya magoti, tayari kuhesabu. Mume wangu akaingia kichwa wazi, na majeraha matatu, kama mtawala aliyerudi kutoka mpakani.

Nusu ya kwanza ikatoka nyumbani. Mkono wa kushoto ukaruka, ukachuma zabibu, ukarudi. Noti zisizosalimiana zikakutana mlangoni, chwaa, na shangazi mmoja akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha re: vidole vitatu, vikipokezana, tatu mbili moja, tatu mbili moja, mvua ya mawe juu ya paa la vigae, na unyoya wa Kanoni ukidonoa kila moja kana kwamba ndege mwenyewe yumo ndani ya sanduku, amekasirika. Nusu ikaisha. Hapo Don Fulgencio, Nguzo ya Zaburi, akaruka juu, akaanza kupiga makofi.

"Vizuri! Vizuri sana! Inatosha, tumesikia nusu hiyo, nenda kwenye ya pili!"

Mnaona hila yake? Mume wangu angeruka marudio, asingekuwa ameipiga yote, na kinanda kingeondoka mlangoni kikifuatana na makofi. Wageni nao, kwa adabu, wakaanza kupiga makofi. Mume wangu hakugeuka, wala hakuondoa mikono.

"Keti, Fulgencio. Hiyo ilikuwa kwenda kwa jirani. Nimesahau kitu nyumbani, narudi kukichukua."

Akarudi mwanzo. Akairudia. Akaingia nusu ya pili, akapotea vichochoroni, akagombana, akatafuta njia, akarudi nyumbani. Akaingia tena, akapotea tena, na sasa jasho lilikuwa linamwingia machoni, na uso wake ulikuwa mwekundu kama mafuta ya soseji. Nilihesabu pamoja na Fulgencio. Mia na sabini. Mia na themanini. Tisini. Tisini na moja. Nikafumba macho.

Ting.

Don Fulgencio alitazama vidole vyake, akavihesabu upya, navyo vikampa jibu lile lile. Akasimama, akavua wigi kwa mikono miwili. Kumbe chini yake alikuwa mzee mdogo mwenye upara na masikio makubwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimpenda kidogo.

"Choo kimefunguliwa," alisema, akalitoa.

Hivi ndivyo mji wa Peñalosilla ulivyookolewa, au kama si mji, basi nyumba moja, kinanda kimoja na sahani mbili za dengu. Mume wangu alilivaa wigi lile kila Jumapili, ingawa lilimbana na likamfanya aonekane ameshangaa.

Wiki hii nilifungua kinanda. Sijui kupiga, nilitaka tu kusikia kitu. Nikabonyeza re ya juu. Tk. Unyoya wa Kanoni, baada ya miaka mitano, ulikuwa umekatika. Nikachomoa kijiti, nikakipeleka dirishani, nikavaa miwani yake. Watawala wana historia zao kwenye ngozi na mawe. Historia ya Don Crisanto iko kwenye kipande cha mbao chembamba kuliko kidole changu kidogo, kwa mwandiko mdogo sana, nami nainakili hapa bila kuongeza neno:

"Re. Kunguru wa Santa Tecla, Jumamosi ya Kanivali 1752. Wa kwanza uliliwa na Tomasa. Mafuta ya soseji. Leocadia asijue kuwa najua."

Macario anasema Kanoni yuko juu, tena ameanza kujenga. Kesho asubuhi nitapanda, na wigi la Fulgencio kichwani.